Upimaji wa utendaji wa ini kwa picha za nyuklia

Upimaji wa utendaji wa ini kwa picha za nyuklia ni uchunguzi wa kitabibu ambamo mgonjwa hupewa kiasi kidogo cha dawa yenye mionzi ili kuona ini linavyofanya kazi, na sehemu yake ipi ndiyo inayofanya kazi hiyo. Vipimo vya damu havitenganishi upande wa kushoto na wa kulia, na picha ya CT hueleza zaidi ukubwa na umbo. Ukubwa hautoshi: ini lenye makovu au mafuta mengi laweza kuwa kubwa na bado likawa dhaifu.

Dawa inayotumika sana ni mebrofenini iliyounganishwa na tekineti-99m, ambayo mionzi yake hupungua kwa nusu kila saa 6. Mgonjwa hukaa bila kula kwa saa 4 hivi, kisha hulala chali chini ya kamera ya gamma na kuchomwa sindano ya mshipa. Seli za ini huichukua dawa kutoka kwenye damu kwa njia ileile ya bilirubini, kisha huitoa na nyongo bila kuibadilisha. Kwenye skrini moyo hutangulia kuonekana. Dakika chache baadaye unafifia na ini linang'aa, halafu hufuata mifereji ya nyongo, kifuko chake na utumbo mwembamba. Bilirubini ikizidi mno hushindana na dawa, na kipimo huweza kuonyesha ini dhaifu kuliko lilivyo.

Manufaa makubwa hupatikana kabla ya kukata sehemu ya ini yenye saratani. Mwaka 2010 madaktari wa Amsterdam, Uholanzi, walichapisha kiwango cha 2.69% kwa dakika kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili: sehemu itakayobaki ikichukua dawa kwa kasi ndogo kuliko hiyo, hatari ya ini kushindwa kazi huongezeka sana. Hapo mshipa unaolisha upande wenye ugonjwa huweza kuzibwa kwanza, upande mzima ukue, kisha kipimo kirudiwe.

Kipimo hiki husaidia pia kwa kichanga mwenye manjano: dawa ikifika utumboni, njia ya nyongo haijaziba. Isipofika hata baada ya saa 24, kuziba hushukiwa, ingawa homa kali ya ini huweza kutoa picha hiyohiyo. Upasuaji wa Kasai, unaofungua njia mpya ya nyongo, hufanikiwa zaidi mtoto akiwa hajatimiza siku 60. Kwa hiyo mtoto mwenye macho ya manjano baada ya wiki 2, hasa akiwa na choo cheupe, apelekwe hospitali bila kusubiri.