Mkosi wa Daraja Mbili (Sehemu ya 3)

ILIPOISHIA: Alfajiri Onsongo amemkimbilia babake na habari kwamba fahali mmoja amempanda mwenzake. Dalali amesema huo ni mkosi, bei ikashuka hadi nusu. Daktari wa mifugo, Moraa, anafika soko la Daraja Mbili mafahali wakiwa tayari ndani ya lori.

SASA ENDELEA...

"Shusheni ng'ombe!"

Akina mama waliokuwa wakipanga mikungu ya ndizi waligeuka. Dalali akacheka. "Daktari, dume kupanda dume ni laana."

Moraa alimgeukia mzee, babake Onsongo. "Omogaka, jike wako akipandana na jike mwenzake, hufanya nini?"

"Humpigia simu mtu wa mbegu. Si ana joto?"

"Humwiti mganga?"

"Wa nini?"

Wauza ndizi wakaangua kicheko. Moraa akawakumbusha ya 2017, simba dume wawili walipopigwa picha wakipandana Maasai Mara. Ezekiel Mutua, wakati huo mkuu wa bodi ya kukagua filamu, alisema huenda wameiga watu waliotembelea mbuga, au wameingiwa na mapepo. Simba amwige mtalii, jamani!

"Mwaka 2023," akaendelea, "mtafiti José María Gómez na wenzake walihesabu aina 261 za wanyama wanaonyonyesha wenye tabia hii. Imezuka mara nyingi, hata katika koo zisizokaribiana, na zaidi kwa wanaoishi makundi. Wanaona huenda inajenga urafiki na kupoza ugomvi. Mafahali hawa wamekulia zizi moja. Hawana ugonjwa wowote."

Mzee akamkazia macho dalali. "Nirudishie ng'ombe wangu."

"Umeshauza, mzee. Hata kibali cha kusafirisha ninacho." Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, imelowa jasho.

Moraa aliisoma mara mbili. Mafahali wawili, mmoja mweusi, mwingine mwekundu mwenye baka kwenye paji la uso.

"Mzee, uliamua kuuza lini?"

"Leo asubuhi, baada ya kuambiwa habari za mkosi."

"Kibali hiki ni cha juzi."

Mzee akapapasa miwani, akaivaa, akateremsha kidole hadi penye sahihi ya mwenye mifugo. Midomo ikamtetemeka.

"Huu ni mwandiko wa Onsongo."

Walipoinua macho, dalali hakuwapo, na lori lilikuwa limeshika barabara.

Usikose sehemu ya 4 Jumamosi ijayo.