Kibaba cha Mfuto

Kibaba kina namna mbili za kujazwa. Ukirundika nafaka mpaka ikafanya kichuguu juu ya mdomo wa chombo, hicho ni kibaba cha tele. Ukipitisha kiganja juu yake, kichuguu kikaporomoka na mtama ukalingana na ukingo, kilichobaki ni kibaba cha mfuto. Tofauti yake ni gao moja la mtama. Nyumbani, jungu likiwa limejaa, hakuna atakayeliona. Lakini kwa mpagazi aliyetua mzigo wa ratili 70 baada ya kutembea tangu alfajiri, gao hilo lilitosha kuzusha zogo kambini.

Katika misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na kuishia Ujiji, kibaba kimoja cha nafaka ndicho kilichohesabiwa kuwa chakula cha mtu mmoja kwa siku. Vibaba viwili ni kisaga, vinne ni pishi. Kwa vipimo vya leo kibaba hicho ni kama gramu 700, na nguvu iliyomo, ukiihesabu kwa kalori, haifiki 2,500. Anayepanda mlima leo kwa starehe zake, mgongoni ana begi jepesi na mfukoni kimfuko cha karanga, korosho, zabibu kavu na tende, huenda akala zaidi ya hapo kabla jua halijatua.

Kimfuko hicho kina kanuni nyepesi: chakula kiwe kikavu, kisioze, kisihitaji moto, na uzito wake uwe mdogo kuliko nguvu inayotoka ndani yake. Mpagazi hakuhitaji kufundishwa jambo hilo. Kilichomshinda ni hesabu. Safari ya kwenda Unyanyembe, yaani Tabora ya leo, iliweza kuchukua miezi mitatu au minne. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 wakafika huko Novemba. Gramu 700 kwa siku 120 ni kilo 84. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kilo 30 na kitu. Basi kila mpagazi angehitaji wenzake watatu wa kumbebea chakula, na hao watatu nao wana matumbo.

Dawa yake ilikuwa nguo.

Mwaka 1871, mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alipokuwa Unguja akijiandaa kumtafuta mmisionari Livingstone, aliwauliza wafanyabiashara wa Kiarabu swali ambalo vitabu vyote vya wasafiri alivyosoma havikumjibu: watu mia wanakula nguo kiasi gani kwa siku? Jibu lilikuwa doti 10. Doti ni yadi 4, kwa hiyo doti moja iliwalisha watu kumi, na kila mmoja wao alikula pungufu kidogo ya mkono mmoja wa nguo. Nguo yenyewe hasa ilikuwa merikani, nguo nzito ya pamba isiyotiwa rangi iliyopata jina lake kwa sababu ilitoka kwenye viwanda vya Massachusetts, Marekani, ikaja Unguja kwa merikebu za wafanyabiashara wa Salem. Ya pili ilikuwa kaniki, iliyotiwa nili. Uzi uliosokotwa upande wa pili wa dunia ndio uliogeuka ugali katika vijiji vya Usagara.

Shanga zilikuwa chenji, na chenji hiyo ilikuwa na ubishi wake. Nyekundu zilipendwa Unyamwezini. Nyeusi zilipita Ugogo, lakini ukivuka nazo kwenda mbele unakuta hazina thamani. Zile kubwa, sungomaji, zilitakiwa Ujiji na penginepo hakuna aliyezitazama mara mbili. Mkuu wa msafara aliyekosea kukadiria rangi alijikuta na mizigo ya mali na watu wenye njaa, wamezungukwa na mashamba yaliyokomaa. Stanley alinunua magunia 22 ya shanga kabla ya kuvuka kwenda Bagamoyo, na asingeweza kujua kwa hakika yupi kati ya watawala wa njiani angebadili mawazo mwaka huo.

Mgao huo, ukitolewa kwa nafaka, kwa nguo au kwa shanga, uliitwa posho. Mara nyingi mpagazi alipewa posho ya siku kadhaa kwa mkupuo akaachiwa mwenyewe kwenda kupatana na wenyeji. Aliyejibana aliokoa kipande cha nguo cha kurudi nacho kwao. Aliyekutana na pombe ya mtama siku ya kwanza alikuwa mgeni wa wenzake siku ya tatu. Ndiyo maana wapagazi walikula kwa makundi madogo, chungu kimoja, mafiga matatu, mmoja anatafuta kuni, mwingine maji, mwingine anasonga. Katika misafara ya Wanyamwezi wanawake nao walikuwamo, wamejitwisha vyungu na vyombo vya nyumbani, na kikundi chenye mwanamke mpishi kilikuwa na afadhali kubwa kuliko kile cha wanaume watupu waliofika wamechoka na kumeza uji uliopikwa nusu.

Mfumo huu wa kula njiani ulitegemea kitu kimoja: kwamba njiani kuna vijiji na vijiji vina ziada. Pale vilipokosekana, ndipo msafara ulipokumbuka kubeba chakula.

Baada ya Mpwapwa kulikuwa na Marenga Mkali, nyika ya zaidi ya maili 30 isiyo na maji ya kunywa. Hapo walifanya terekeza: waliondoka mchana badala ya alfajiri, wakatembea mpaka giza, wakalala pakavu bila kupika, wakaamka usiku na kuendelea mpaka wapate maji. Mtu hapiki ugali bila maji. Chakula cha usiku huo kilitakiwa kiwe kimepikwa au kukaangwa tangu kambi ya nyuma, kiwe cha kutafuna. Ugogo ikafuata, nchi yenye mtama, ng'ombe na watemi waliodai hongo ya kupita njia, na hapo mtu akipata nafaka ananunua nyingi kuliko haja yake, kwa sababu mbele yake iko Mgunda Mkali. Jina hilo maana yake ni shamba kali, na wakati wa Burton lilikuwa pori la siku nyingi, miiba mitupu, hakuna wa kumuuzia mtu hata kibaba. Stanley alipopita miaka kumi na kitu baadaye aliliona limeanza kupoa, kwa kuwa Wakimbu walikuwa wamefyeka, wakachimba visima na kulima kando ya njia. Njaa ya wapagazi ilikuwa soko, na soko likaleta vijiji.

Wanyamwezi wenyewe walikuwa wametoka katika nchi inayojua kukausha chakula. Huko na Usukumani viazi vitamu huwekwa akiba kwa namna mbili. Vikikatwa vibichi na kuanikwa juani huwa michembe. Vikichemshwa kwanza, vikamenywa, vikakatwa vipande na ndipo vikaanikwa, huwa matobolwa. Kipande cha tobolwa lililokauka vizuri kina rangi ya kahawia inayong'aa kidogo, ni kigumu kama kibanzi cha mti, na ukikiweka shavuni huanza kulainika polepole na kutoa utamu kama wa tende. Hukaa miezi bila kuharibika. Ukilitafuna pamoja na karanga zilizokaangwa kwa chumvi, una kila kitu ambacho wapanda milima wa Ulaya hulipia ghali katika pakiti za kung'aa: wanga, mafuta, sukari na chumvi. Chumvi nayo ilikuwa bidhaa ya njia hiyo hiyo. Ilichemshwa Uvinza, karibu na mto Malagarasi, ikasafirishwa na wapagazi pande zote.

Kalenda ya safari ilifuata shamba. Vijana wa Unyamwezi waliteremka pwani mavuno yakishaingia ghalani na walitaka kurudi kabla ya mvua za kupandia. Msafara uliochelewa ulikuta bei ya nafaka imepanda, na ukame ukiwa umepiga Ugogo, doti ile ile iliyolisha watu kumi ililisha watano. Kibaba cha tele kikawa cha mfuto, cha mfuto kikawa nusu. Wapagazi walikuwa na jibu lao kwa hali hiyo: waligoma, au asubuhi mizigo ilikutwa imelala chini bila wenyewe.

Nguo ilikuwa na mpaka wake pia. Agosti 1877 msafara wa pili wa Stanley, uliotoka Bagamoyo mwaka 1874 na kufuata mto Kongo kuelekea baharini, ulikwama siku chache tu kabla ya kufika kituo cha biashara cha Boma. Watu walikuwa zaidi ya mia, mifupa mitupu. Nguo na shanga zilizobaki hazikuwapatia kitu cha maana, kwa sababu wenyeji wa huko walikwishazoea bidhaa za wafanyabiashara wa pwani ya magharibi. Tarehe 4 Agosti Stanley aliandika barua isiyo na jina la mpokeaji, kwa Mzungu yeyote wa Boma anayejua Kiingereza, akiomba chakula. Uledi, nahodha wake hodari, alijitolea kuipeleka pamoja na Kacheche na wenzao wawili. Siku mbili baadaye wapagazi wa Boma walionekana wakija na mchele, viazi vitamu, samaki na tumbaku.

Somo la chakula lilipanda hata mlimani. Kabla ya 1889 Wazungu kadhaa walikuwa wamejaribu Kilimanjaro wakarudi, na moja ya sababu ilikuwa kwamba hawakuwa na chakula cha kuwaweka juu kwa siku za kutosha. Mjerumani Hans Meyer alipokuja mara ya tatu mwaka huo alifikiri kama mkuu wa msafara. Alifanya Marangu kuwa ghala lake, akapanga kambi mlimani, na wapagazi wakawa wanapandisha chakula kila baada ya siku chache. Katika kambi ya juu, kwenye urefu wa zaidi ya mita 4,300, alibaki mtu mmoja wa Pangani, Mwini Amani, akilinda, akipika na kutafuta maji na kuni katika baridi ambayo mtu wa pwani hakuwahi kuiota. Tarehe 3 Oktoba Meyer na mwenzake Ludwig Purtscheller walifika ukingo wa kreta wakaishiwa nguvu na muda. Wakarudi kwa Mwini Amani, wakala, wakalala. Tarehe 6 walifika kileleni. Kilele hakikupewa jina la mpishi bali la mfalme wa Ujerumani.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na kuua misafara mikubwa, lakini vita vya 1914 vikawarudisha wapagazi barabarani kwa nguvu, safari hii kwa amri. Waingereza walikusanya wapagazi wao katika kikosi ambacho jina lake la Kiingereza lilitamkwa Kariakoo, na jina likabaki mitaani Dar es Salaam na Nairobi. Posho ya vita hivyo ilikuwa hasa unga wa mahindi. Wengi walipewa chakula ambacho hawakukizoea, vyombo vya kupikia vilikuwa vichache, na ugali uliosongwa haraka haraka haukuiva. Kuhara kuliua watu ambao risasi haikuwagusa.

Neno lenyewe lilisafiri kuliko mpagazi yeyote. Uganda, posho ni ugali wa mahindi, ule wanaoujua wanafunzi wote wa shule za bweni. Kenya, posho mill ni mashine ya kusaga. Tanzania ni fedha ya kujikimu, na mabishano makali kuhusu posho za vikao vya Bunge hufanyika Dodoma, katikati ya Ugogo, mahali ambapo wapagazi walibishana kuhusu kibaba. Ugogo hiyo kavu sasa inatoa zabibu. Mashariki yake iko Kongwa, ambako kuanzia 1947 serikali ya Uingereza iliingiza matrekta kulima karanga kwa wingi usio na mfano. Udongo ulikuwa mgumu kama saruji na mvua haikuja. Mwaka 1951 mradi ulifutwa na zaidi ya pauni milioni 30 zikapotea. Mtemi yeyote wa Kigogo wa zamani angeweza kuwaeleza habari za mvua hiyo, kwa hongo ya doti chache.

Kilimanjaro ya leo haina vijiji njiani, kwa hiyo kwa habari ya chakula ni Mgunda Mkali iliyosimama wima. Getini mizigo hupimwa kwa mizani, na mpagazi, mgumu kama wanavyojiita wenyewe, haruhusiwi kubebeshwa zaidi ya kilo 20 za mzigo. Mgeni hupita na kimfuko chake cha korosho na zabibu. Wagumu jioni husonga ugali kambini, wakala kwa kundi kutoka chombo kimoja, na unga wa ugali huo ulipimwa pale getini asubuhi, ukapandishwa kichwani na mmoja wao.