Taa za ziada za gari: Zipi zafaa njia za Unguja?

KUANZIA Desemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa umeme unaopita chini ya bahari kutoka Bara ulipokuwa umeharibika, wakaazi wa Mjini Unguja walionja kwa mara ya pili, baada ya mkasa kama huo wa mwaka 2008, hali ambayo watu wa shamba waliizoea siku zote: kuendesha gari usiku bila ya mwanga mwingine ila wa taa za gari lenyewe.

Umeme ulirudi, na mwaka 2013 ukatandikwa waya mwingine wenye uwezo mkubwa zaidi. Hata hivyo, anayeiacha barabara kuu na kushika njia ya kifusi kuelekea pwani ya Michamvi, Matemwe au Kizimkazi hurejea katika kiza kile kile, na hapo ndipo wenye magari ya Suzuki Escudo, RAV4 na Land Cruiser huanza kuulizia taa za ziada. Kosa la kawaida ni kununua taa inayomulika mbali kuliko zote zilizopo dukani.

Taa za ziada za mbele ni za namna mbili, na kazi zao hazifanani. Taa ya masafa hutoa mwanga mwembamba unaokwenda mbali sana, na imekusudiwa kuisaidia taa kubwa inapowashwa fulu. Taa ya ukungu hutoa mwanga mpana na bapa, uliokatwa juu kama kwa kisu, unaoonesha ukingo wa barabara na shimo lililo karibu. Hufungwa chini, kwa kawaida ndani ya bampa au chini yake. Kanuni za Umoja wa Mataifa kwa magari madogo zinataka iwe kati ya sentimita 25 na 80 kutoka ardhini.

Kimo hicho kina sababu yake. Matone ya mvua, vumbi na moshi hurudisha mwanga kule ulikotoka. Taa ikiwa karibu na usawa wa macho ya dereva, mwanga uliorudi humwingia machoni na akaona ukuta mweupe mbele yake. Ikiwa chini, sehemu kubwa ya mwanga huo hupita chini ya macho yake. Ndiyo maana safu ya taa juu ya paa, pamoja na fahari yake yote, humsumbua dereva wakati wa masika, kwani humulika hata boneti yake mwenyewe.

Ukungu hasa, ule wa Lushoto au Njombe, ni nadra Unguja. Kinachofanya kazi yake hapa ni mvua nzito za masika na vuli, moshi wa mashamba yanayochomwa, na zaidi ya vyote vumbi jeupe la mawe ya matumbawe, ambalo gari moja likipita mbele hubaki hewani kwa muda.

Lipo pia suala la mwendo. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva akichukua sekunde moja na nusu kutanabahi, ameshapita mita 33 kabla ya kukanyaga breki, na kwenye lami kavu atahitaji takriban mita 70 kwa jumla ili kusimama. Barabara ikiwa imerowa, umbali huo hukaribia mita 95. Mwanga wa karibu wa taa za kawaida hauendi mbali hivyo. Kwa kilomita 50 kwa saa anaweza kusimama ndani ya mita 35 hadi 45, yaani ndani ya kile anachokiona. Kisiwa chenyewe kina urefu wa kilomita 85 hivi, na vijiji vyake vimefuatana. Mahali pa kuutumia mwanga wa nusu kilomita ni haba mno. Hatari inayokabiliwa haiko huko mbali. Ni mtoto anayerudi chuoni baada ya Magharibi, gari la ng'ombe lisilo na taa, au mpanda baskeli aliyejibanza ukingoni. Hao huonekana kwa mwanga mpana, na hupotea kabisa pale dereva wa upande wa pili anapotiwa upofu na taa kali.

Kuhusu rangi, imani kwamba mwanga wa njano hupenya ukungu ni ya zamani. Ufaransa ilishikilia taa za njano kuanzia miaka ya 1930 hadi 1993. Matone ya ukungu ni makubwa mno kuweza kubagua rangi. Hata hivyo, wengi huona kwamba njano hailazi macho kazi kama mwanga wa buluu unapopiga vumbi jeupe, kwa hiyo anayeipendelea hana hasara.

Taa za LED zimeshusha sana matumizi ya umeme, na taa kamili iliyotengenezwa kwa LED tangu kiwandani ni chaguo zuri. Isiyofaa ni globu ya LED inayopachikwa katika taa iliyoundwa kwa globu ya halojeni. Kioo cha ndani kilipimwa kwa uzi wa globu ulio mahali maalumu. Chanzo cha mwanga kikihama, mwanga hutawanyika, nao ule mkato wa juu huharibika. Mnunuzi aangalie alama ya herufi E ndani ya duara kwenye kioo: ikifuatana na herufi B au F3, hiyo ni taa ya ukungu iliyopimwa.

Ufungaji nao una hesabu yake. Globu mbili za wati 55 katika gari la volti 12 huvuta zaidi ya ampea 9. Mzigo huo haufai kupitishwa katika swichi ndogo ya dashibodi, kwani swichi na waya huungua. Fundi atumie rilei, na fyuzi iwekwe karibu na betri. Taa za masafa ziunganishwe ili zizimike zenyewe dereva anaporudisha mwanga wa karibu.

Adui mkubwa wa kazi hiyo ni chumvi. Maungio ya waya yasiyozibwa hugeuka kijani katika misimu michache, na vishikio vya chuma cha kawaida huoza. Vya chuma kisichoshika kutu vina bei, lakini hununuliwa mara moja. Taa yenye alama ya IP67 haiingii vumbi na huhimili kuzamishwa mita 1 kwa nusu saa.

Kulenga hufanywa jioni, gari likiwa sehemu iliyo sawa, mita 10 kutoka ukutani. Mkato wa juu wa taa ya ukungu uangukie kama sentimita 20 chini ya kimo cha taa yenyewe. Kipimo hicho kichukuliwe gari likiwa na mzigo wake wa kawaida, kwani nyuma likilemewa na abiria na mizigo, pua huinuka na mwanga hupanda hadi machoni mwa anayekuja.