Sukari ya Juu

Usiku wa kuamkia Idi, nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, watoto hawalali mapema. Wakisikia mwezi umeandama hukimbilia uani, ambako bibi na mama wameshakanda unga wa vileja: unga wa mchele, samli, sukari, mayai na hiliki iliyotwangwa. Watu wazima hufinyanga viduara na kuvipanga kwenye sinia. Kazi ya watoto ni moja tu: kuchovya kidole kwenye ute wa yai, kugusa katikati ya kila kileja, kisha kudondosha punje chache za sukari pale palipolowa. Nilianza kuifanya kazi hiyo nikiwa na miaka minne. Mwaka huu wameifanya watoto wa dada yangu.

Mkubwa wao, mwenye miaka tisa, akaniuliza, "Khalti, kwa nini tunaweka katikati tu?"

Nasoma shahada ya uzamili ya historia, nikaona hilo ni swali langu. Nikamjibu kwamba ni mila ya kale, imekuja na majahazi. Bibi alikuwa anapepea mkaa. Akacheka.

"Majahazi gani? Sukari ya juu ni ya mwaka themanini na tatu."

Nilichosema hakikuwa uongo mtupu. Iraq wana biskuti ya Idi iitwayo kleicha, na huko Qassim, Saudi Arabia, kuna kleija. Anayesema kileja hawezi kuyasikia majina hayo asigeuke. Neno sukari limetufikia kutoka Kiarabu, na kabla ya hapo lilipita Uajemi likitokea Bara Hindi. Sukari yenyewe ilikuwa na historia ya karibu zaidi. Katika karne ya 19, kusini kidogo tu mwa Tanga, bonde la Mto Pangani lilikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Abushiri bin Salim al-Harthi, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani mwaka 1888 na kunyongwa mwaka 1889, alikuwa na shamba la miwa huko. Vitabu vinamkumbuka kwa vita. Waliokata miwa yake ni wachache mno walioandikwa majina.

Lakini bibi hakuwa anazungumzia Pangani. Vileja wamepokezana tangu zamani, alisema, nyanya yake alivioka kwa makaa juu na chini. Punje za katikati ndizo zilizoanzia mikononi mwake.

Mwaka 1983 Tanzania ilikuwa na dhiki ambayo waliokuwa watu wazima wakati ule huitaja kwa kuhesabu vitu: sabuni, sukari, unga, mafuta, khanga. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, Vita vya Kagera vilikula fedha za nchi mwaka 1978 na 1979, bei ya mafuta ya petroli ilipanda, na mazao tuliyouza nje yalileta kidogo. Viwanda vya sukari vilikuwepo, lakini vipuri na fedha za kigeni havikuwepo. Watu wakapanga foleni, na bidhaa nyingi zikapita mlango wa nyuma kwa bei ya ulanguzi. Machi 1983 serikali, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ilianzisha msako wa wahujumu uchumi. Ikatungwa sheria maalumu, na mahakama maalumu. Wengi walishangilia, na bibi anakiri kwamba naye alishangilia. Waliokuwa wakificha magunia walistahili, anasema.

Kisha akakumbuka kopo lake.

Tangu Idi iliyopita alikuwa akipunguza kikombe kimoja kila sukari ilipopatikana kwenye duka la ushirika. Alikuwa na watoto watano na hakutaka Idi nyingine ipite bila vileja. Kufikia Aprili kopo la maziwa ya unga lilikuwa na kilo nne hivi, chini ya kitanda. Kilo nne ni akiba au ni kuhodhi? Hakuna aliyekuja mtaani kutangaza kipimo. Redioni walitajwa waliokamatwa, mtaani zikazuka habari za watu waliotupa mali usiku. Babu, aliyekuwa kibarua bandarini, akamwambia neno moja, "Itoe."

Kuwagawia majirani kungekuwa kukiri kwamba alikuwa nayo. Usiku ule, watoto wamelala, aliimwagia chooni kwa mkono wake. Akabakisha kikombe kimoja.

"Asubuhi," alisema, "sisimizi walikuwa wamepanga mstari kutoka ukutani mpaka mlango wa choo." Aliwafagia kwa majivu mara tatu kabla jirani hajaamka. Shangazi yangu, wakati huo na miaka kumi, alimuuliza anafanya nini. Akamwambia anasafisha.

Idi ilikuwa Julai. Kikombe kimoja kisingetosha sinia nzima, kwa hiyo bibi alikanda unga karibu bila utamu, akawapa watoto ute wa yai na kile kikombe. Waweke punje katikati, ulimi uzikute kwanza. Aliwaambia ni mapambo. Mwaka 1984 serikali ilianza kuruhusu wenye fedha zao za kigeni waingize bidhaa, na polepole maduka yakajaa. Bibi akarudisha sukari ndani ya unga. Watoto walikataa kuachia ya juu: bila hiyo, walisema, si Idi.

Nimesoma kuhusu mwaka ule. Yapo yaliyoandikwa kuhusu bidhaa zilizokamatwa na watu walioshtakiwa. Kilichomwagwa gizani hakimo popote, kwa sababu aliyekimwaga ndiye aliyekuwa wa kwanza kutaka kisijulikane. Bibi alinyamaza zaidi ya miaka 40, na si kwa kuiogopa serikali. Kumwaga chakula ni kumwaga neema ya Mungu, na watoto wake walikuwa wakinywa chai ya chumvi.

Nilimuuliza kama naweza kuandika. Akafikiri, akageuza sinia.

"Andika. Lakini usiseme niliogopa bure."

Sitasema hivyo. Sijui mwenyewe ningefanya nini na kilo nne chini ya kitanda, na babu amesimama mlangoni.

Mtoto alikuwa bado anangoja jibu lake, kidole kimekauka ute. Bibi akamjibu kabla yangu: "Katikati tu, mjukuu wangu, kwa sababu ilikuwa kidogo."

Akakubali kama watoto wanavyokubali, akarudi kwenye sinia. Vileja vilivyobaki aliviwekea punje tatu tatu, akizihesabu kwa sauti.