Kabla Mgonjwa Mwingine Hajaingia

Zamani kule Ulaya daktari mpasuaji alivaa koti lililoganda damu ya wagonjwa wa jana, tena kwa fahari. Meza aghalabu ilipanguswa tu. Mtu alinusurika kisu, akafa kwa usaha.

Agosti 1865, mjini Glasgow, Joseph Lister alifunga kidonda cha mvulana wa miaka 11, aliyevunjwa mguu na gurudumu la mkokoteni, kwa kitambaa chenye asidi ya kaboliki. Dawa hiyo ilikuwa ikimwagwa kwenye maji machafu kuondoa uvundo! Mguu ulipona bila kuoza. Baadaye mikono na vyombo navyo vikaoshwa kwa dawa hiyo, ingawa madaktari wengi walibisha.

Basi mama, ukisubiri upasuaji huku wasafishaji wakisugua meza na sakafu, usidhani umesahaulika. Wakimaliza, vyombo vilivyochemshwa kwa mvuke vitafunguliwa, nawe utaitwa.