Kusoma Jenomu, si Kuipanga

Mpox ilipozuka Kamituga, mji wa wachimba dhahabu huko Mwenga, Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, mnamo Septemba 2023, sampuli za vidonda zilipelekwa kufanyiwa kile ambacho watu wa labo, waliosomea kwa Kifaransa, hukiita sekansaji. Kwa Kiswahili wengi huandika "upangaji wa jenomu". Neno hilo silipendi, hasa likitumiwa Bukavu.

Jenomu ni maelekezo yote ya kiumbe, yaliyoandikwa kwa herufi nne za kemikali: A, C, G na T. Virusi vya mpox vina herufi 197,000 hivi. Zimekwisha kujipanga kabla mtaalamu hajagusa sampuli. Kazi yake ni kuzisoma. Mwambie mtu wa Kadutu, hapo Bukavu, kwamba wanasayansi "wamepanga jenomu ya virusi" uone atakavyoelewa: basi ugonjwa huu wameutengeneza! Uvumi wa namna hiyo hauhitaji msaada wetu. Nasema "usomaji wa jenomu".

Wanaotetea "upangaji" wana hoja, nakiri. Mashine husoma vipande vipande, kama vya kitabu kilichochanwa, kisha programu ya kompyuta hutazama vinapolandana na kuvirudisha mahali pake. Hapo kuna kupanga kweli, ila ni hatua ya pili, nami ningeiita "uunganishaji".

Kwa nini kusoma jenomu yote wakati kipimo cha PCR kipo? PCR hutazama sehemu ndogo iliyochaguliwa mapema. Virusi vya Kamituga vilikuwa vimepoteza kipande ambacho kipimo kimojawapo cha kundi la I la virusi vya mpox kilikitegemea, kwa hiyo kipimo hicho kikavikosa. Usomaji ulionyesha pengo hilo. Ulionyesha pia herufi zilizobadilika kwa mtindo wa APOBEC3, kimeng'enya cha mwili wa binadamu ambacho hushambulia herufi C za virusi. Alama hizo zikirundikana, ni dalili kwamba virusi vinapita kutoka mtu hadi mtu, wala havitoki msituni upya kila mara. Utafiti uliochapishwa na jarida la Nature Medicine mwaka 2024 ulikuta kuwa karibu asilimia 29 ya wagonjwa 108 waliothibitishwa huko walikuwa watu wanaofanya biashara ya ngono. Kinga ya kuonya watu juu ya nyama ya porini peke yake isingetosha. Ilibidi ifike kwenye baa na vyumba vya mji wa migodi. Ukoo huo mpya wa virusi wa kundi la I ulipewa jina Ib, na tarehe 14 Agosti 2024, ukiwa umeshavuka mipaka, Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa.

Limebaki swali ambalo mgonjwa ana haki ya kuuliza: jenomu ya nani? Kijiti kinachopanguswa kidondani huchukua chembe za mgonjwa pia, na programu huziondoa herufi za mgonjwa ili zibaki za virusi. Kwa hiyo muuguzi anayeomba ruhusa anaweza kusema kwa ufupi: "Mama, tunasoma jenomu ya virusi vilivyo kwenye kidonda. Herufi za jenomu yako zikinaswa, programu huziondoa."