Samoa na Swali Lililoachwa: Vijana Balehe na Msongo wa Mapenzi katika Historia ya Utafiti, 1904–1984

Mwaka 1904, mwanasaikolojia wa Marekani G. Stanley Hall alichapisha kitabu cha majuzuu mawili, Adolescence, ambamo alikieleza kipindi cha balehe kuwa cha dhoruba na dhiki. Mwaka 1925, Margaret Mead alikwenda Samoa kuchunguza iwapo dhoruba hiyo inatokana na maumbile au na utamaduni. Katika Coming of Age in Samoa (1928), alihitimisha kwamba wasichana wa kisiwa cha Ta'u walivuka balehe kwa utulivu, na kwamba mapenzi ya kimahaba kama yanavyofahamika Magharibi hayakuwapo kwao. Mwaka 1983, Derek Freeman alilipinga hitimisho hilo, akidai kwamba jamii ya Samoa ilitawaliwa na nidhamu kali na haikukosa wivu wala ugomvi.

Katika mjadala huo, pande zote mbili zilijishughulisha zaidi na iwapo msongo ulikuwapo. Namna wasichana walivyokabiliana nao iliachwa pembeni. Hata hivyo, sehemu ya jibu imo katika kitabu cha Mead mwenyewe.

Kwanza, Mead anaeleza kwamba msichana aliyekosana na wazazi wake aliweza kuhamia kwa ndugu mwingine wa ukoo. Kwake, desturi hiyo ilikuwa mojawapo ya sababu za utulivu. Lakini mtu hatafuti kimbilio pasipo jambo linalomsukuma. Kuhama huko kunaweza kusomwa kuwa mbinu ya kukabiliana na dhiki, iliyokubalika katika jamii kiasi cha kutoonekana kuwa ni mbinu.

Pili, katika sura inayohusu wasichana waliokuwa katika mgogoro, Mead anasimulia habari za msichana ambaye mpenzi wake alimwacha na kumgeukia mwingine. Msichana huyo alimshutumu mshindani wake hadharani kuwa ni mwizi, akakitia kijiji kizima katika mzozo. Bila shaka, mkasa mmoja hauthibitishi hali ya jamii nzima. Unadokeza, hata hivyo, kwamba wingi wa nyumba za ndugu uliopunguza ugomvi wa wazazi na watoto haukutosha kutuliza uchungu wa mapenzi.

Mwaka 1984, Richard Lazarus na Susan Folkman waliueleza ukabilianaji kuwa ni juhudi za fikra na matendo za kuyamudu mambo ambayo mtu anayaona kuwa yanazidi uwezo wake. Kwa mtazamo huo, msichana aliyehama na msichana aliyeshutumu wote walikuwa wakikabiliana na msongo. Tofauti ni kwamba wa kwanza alikuwa na njia iliyoandaliwa na ukoo. Hivyo basi, mtafiti anayelinganisha vijana wa tamaduni mbalimbali hapaswi kuuchukua ukimya wao kuwa ushahidi wa amani kabla ya kuuliza ni nyumba ya nani iliyowapokea.